Mlituambia tusiwafiche: barua ya wazi kwa Mkurugenzi wa Halmashauri yetu

Kwa:
Mkurugenzi Mtendaji wa Halmashauri

Nakala:
Afisa Elimu Msingi
Diwani wa Kata
Mratibu Elimu Kata
Wazazi wenzangu

YAH: WATOTO WENYE ULEMAVU WANAOANDIKISHWA LAKINI HAWAFUNDISHWI

Ndugu Mkurugenzi,

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Kabla ya yote pokea salamu zangu. Mimi ni fundi seremala, mkazi wa mmoja wa mitaa iliyo chini ya halmashauri yako, na mlipa ushuru wa soko kila siku ninayopeleka vitanda mnadani. Sikupenda kuandika hadharani. Mtu mwenye shida na jirani huanza kwa kubisha hodi, haanzi na mbiu ya mgambo. Hodi nimebisha. Ninazo nakala 3 za barua nilizoleta ofisini kwako mwaka jana, ya Machi, ya Juni na ya Septemba, zote zimegongwa muhuri wa IMEPOKELEWA. Mara ya kwanza niliambiwa faili limepanda juu. Mara ya pili uko kikaoni Dodoma. Mara ya tatu katibu muhtasi wako, ambaye kwa kweli ni mtu muungwana, alinipa kiti na maji ya kunywa akaniambia, "Mzee, njoo Jumatatu." Jumatatu zimepita nyingi. Sasa nabisha hodi mbele za watu.

Naanza na kosa langu, lisije likatumika kunijibu. Binti yangu anakaribia miaka 11 na yuko darasa la tatu. Alizaliwa na mtindio wa ubongo. Miguu haimbebi, mkono wa kulia umekakamaa, na maneno humtoka polepole kama mtu anayetafuta chenji mfukoni. Ila yakishatoka, ni maneno ya mtu aliyefikiri. Mpaka anatimiza miaka 8 hakuwa amekanyaga shule. Hatukumfungia kwa kufuli, lakini wageni wakija tulimhamishia chumba cha nyuma. Sina namna ya kulipamba hilo.

Kisha Januari ile likapita gari lenye spika, na nyuma yake watu wa ofisi yako wakiongozana na mwenyekiti wa mtaa, nyumba kwa nyumba. "Msiwafiche. Leteni watoto waandikishwe. Elimu ni bila ada." Dada mmoja mwenye daftari la kuandikisha alikaa mkekani na mke wangu karibu saa nzima. Alipoondoka tulikuwa tumekubali. Jumatatu iliyofuata nilimbeba mgongoni, na njia nzima nilijua watu wanatazama, na nikatembea.

Gari lile halikusema uongo. Baadaye nilikwenda duka la fotokopi nikatolewa nakala ya Sheria ya Watu Wenye Ulemavu, Na. 9 ya mwaka 2010. Kifungu cha 27 kinampa mtoto mwenye ulemavu haki sawa ya kupokelewa shuleni na kusoma pamoja na wenzake, na kinataka apatiwe huduma za kumsaidia kujifunza pamoja na mwalimu mwenye ujuzi huo. Mwaka mmoja kabla ya sheria hiyo, 2009, nchi yetu iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu, ambao kifungu chake cha 24 kinadai elimu jumuishi, yaani mtoto mwenye ulemavu asome pamoja na wenzake. Mwaka huohuo wa 2009 ikatungwa Sheria ya Mtoto, inayokataza mtoto kubaguliwa kwa sababu ya ulemavu. Kwa hiyo sikuja kuomba hisani. Mliniita, nimeitika, na mtoto nimemleta.

Malalamiko yangu ni haya. Shule siitaji jina hapa kwa sababu unaijua, na kwa sababu naamini si yenyewe tu.

1. Njia ya kiti mwendo.

Madarasa mapya yalipojengwa yaliwekewa njia ya kiti mwendo, na siku ya uzinduzi ilipigwa picha. Hapa, Ndugu Mkurugenzi, niruhusu niongee kama fundi. Nimeipima kwa futi kamba mara mbili. Kutoka ardhini hadi kizingiti cha mlango ni sentimita 45. Urefu wa njia ni sentimita 135. Maana yake kila sentimita 1 ya kupanda imepewa sentimita 3 za kutambaa. Kipimo kinachofuatwa na wajenzi ni sentimita 12 kwa kila 1, yaani njia ile ilitakiwa iwe na urefu wa mita 5 na sentimita 40. Hiyo iliyopo ni nzuri kwa kushushia mapipa.

Masika iliyopita nilikuwa namsukuma asubuhi, mvua imenyesha usiku, saruji ina utelezi kwa kuwa ilisakafiwa laini kama sebule. Katikati ya njia magurudumu ya mbele yakainuka. Mama yake alikuwa mbele akadaka miguu ya mtoto, mimi nikakingama kwa kifua. Hakuumia. Daftari liliingia topeni, na alilia kwa ajili ya daftari. Tangu siku hiyo wavulana wanne wa darasa la sita humngojea kila asubuhi na kumnyanyua na kiti chake, huku mmoja akihesabu "moja, mbili, tatu, nyanyua!" Wavulana hao wakimaliza shule sijui nani atarithi kazi hiyo.

2. Choo.

Kwenye ramani kulikuwa na tundu moja la choo kwa ajili ya wanafunzi wenye ulemavu, lenye mlango mpana na vyuma vya kushikilia. Limejengwa, na limejengwa vizuri. Ndani yake kuna majembe, mafagio, ndoo 6 na mabaki ya rangi. Mlango una kufuli, na ufunguo hukaa kwa mwalimu wa zamu. Binti yangu hanywi maji kuanzia saa moja asubuhi mpaka anaporudi nyumbani, ili asihitaji choo. Mtoto wa miaka 10 amejifunza kuvumilia kiu kama somo.

3. Dawati.

Nilimtengenezea dawati lenye tumbo lililokatwa nusu duara, kiti mwendo kiingie chini, na ukingo wa ubao kuzuia penseli isidondoke. Mninga, nikaupiga msasa mwenyewe. Wiki ya pili liliondolewa darasani kwa maelezo kwamba linakula nafasi. Nililikuta ofisi ya walimu likiwa limebeba chupa ya chai na sahani ya chapati. Sikusema kitu siku ile. Nasema leo.

4. Mwalimu.

Hapa ndipo penye jipu lenyewe. Shule ina mwalimu aliyesomea elimu maalumu katika Chuo cha Ualimu Patandi, kule Arusha. Nilimwona akifundisha mara moja tu, kwa bahati, nilipokwenda kurekebisha bawaba za dirisha. Alikuwa na binti yangu na watoto wengine wawili. Alikata herufi za maboksi, akazipanga kwenye sinia lenye mchanga, akamwambia mtoto azifuate kwa kidole cha mkono wa kushoto, ule usiokakamaa. Kwa muda usiozidi dakika 20 mtoto wangu aliandika jina lake mchangani. Mwaka mzima kabla ya hapo alikuwa akilazimishwa kushika penseli kwa mkono wa kulia, na kila mtu akakubaliana kwamba hawezi kuandika.

Mwalimu huyo sasa anafundisha Hisabati na Sayansi darasa la saba, vipindi vyake vimejaa. Simlaumu yeye, wala simlaumu sana mwalimu mkuu. Shule hupimwa kwa matokeo ya darasa la saba, na mwalimu mkuu huitwa kwenye kikao kujieleza kwa matokeo hayo. Hakuna kikao kilichowahi kumuuliza mwalimu mkuu kwa nini mtoto mwenye mtindio wa ubongo hajui kuandika jina lake. Ninyi ndio mnaopanga maswali ya vikao.

Darasani binti yangu amebaki na mkalimani mmoja, mvulana anayekaa naye. Kakaa naye mpaka kayazoea maneno yake, na mwalimu akiuliza swali, binti anajibu, mvulana anarudia kwa sauti: "Anasema ni arobaini na mbili." Hajahudhuria semina yoyote, wala hajalipwa posho.

5. Kitengo.

Shule yetu ina kitengo cha elimu maalumu, na kwenye taarifa zenu naamini kinahesabika. Ni chumba kimoja nyuma ya stoo. Wamo watoto 14, mdogo ana miaka 7, mkubwa anaota ndevu. Wenye ulemavu wa akili, mwenye usonji, mmoja mwenye ualbino ambaye tatizo lake ni macho tu, na mmoja kiziwi. Wanakunywa uji saa nne, wanarudi nyumbani. Aliyekuwa akiwaangalia alikwenda likizo ya uzazi na nafasi yake haikuzibwa.

Huyo mwenye ualbino hana sababu ya kuwa mle. Akili yake ni nzima, anachohitaji ni kukaa mbele, mbali na dirisha linalompiga jua usoni, na mwalimu aandike kwa herufi kubwa ubaoni. Aliwahi kukaa darasa la kawaida muhula mmoja. Mwalimu wake wa wakati ule aliandika herufi kubwa kwa ajili yake, na watoto wa mabenchi ya nyuma, kwenye darasa la watoto 97, wakaanza kusoma vitu ambavyo walikuwa hawavioni. Mwalimu akahamishwa, mtoto akarudishwa kitengoni.

Na huyo kiziwi, niseme jambo ambalo huenda baadhi ya wazazi wenzangu wasilipende. Yeye ni mwaka wa 3 mle ndani na hajafundishwa ishara hata moja, kwa kuwa hakuna anayejua lugha ya alama. Kwa mtoto kama yeye sidhani dawa ni kumweka darasa la kawaida na kuita hiyo elimu jumuishi. Kukaa katikati ya watoto 97 usioweza kuzungumza na hata mmoja ni upweke wenye kelele. Tabora kuna shule ya viziwi tangu 1963, na mtoto anayekulia mahali ambapo kila mtu, mpaka mpishi, anaongea kwa mikono hupata lugha kamili. Ama apelekwe kwenye shule ya namna hiyo kwa gharama ambazo mama yake, muuza mboga, anaweza kuzibeba, ama aletwe mwalimu wa lugha ya alama na wenzake nao wajifunze. Kumwacha pale alipo ni kumhesabu tu.

Kuhesabu ndilo neno. Binti yangu huhesabiwa vizuri sana. Karatasi za takwimu zikija, anahesabiwa. Wageni wa mradi wakija, anavalishwa sare mpya, anawekwa mbele.

6. Mtihani.

Mwakani binti yangu atafanya Upimaji wa Kitaifa wa Darasa la Nne. Baraza la Mitihani lina utaratibu kwa watahiniwa wenye mahitaji maalumu: dakika 20 za nyongeza kwa kila saa ya Hisabati na dakika 10 kwa kila saa ya masomo mengine, na maandishi yaliyokuzwa kwa wenye uoni hafifu. Lakini Baraza halioti ndoto. Linapaswa kuambiwa na shule mapema, wakati wa usajili. Mwaka jana kulikuwa na mtoto mwenye uoni hafifu, hakuorodheshwa, akaletewa karatasi ya kawaida na akanyang'anywa muda ulipokwisha. Alipata E. Ile E ni ya nani?

Najua majibu, maana nimeshayapata mezani kwa wasaidizi wako.

La kwanza ni bajeti. Najua shule inaishi kwa ruzuku, shilingi 10,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka, na kwamba 4,000 kati ya hizo ni za vitabu na hazifiki mkononi mwa mwalimu mkuu. Si hela nyingi. Ila kufungua kufuli la choo ni shilingi ngapi? Kurudisha dawati darasani? Kuandika majina ya watoto kwenye fomu ya usajili? Ofisa mmoja alinielekeza kwenye asilimia 10 ya mapato ya ndani. Nilimshukuru, nikamkumbusha kwamba ile ni mikopo, 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Mtoto wa darasa la tatu haji kukopa bodaboda.

La pili ni kwamba walimu hawatoshi. Kweli hawatoshi, na anayefundisha watoto 97 namvulia kofia. Lakini ukiwa na mafundi wachache, humpi fundi umeme kazi ya kupaka rangi. Mwalimu wa elimu maalumu mmoja tuliye naye apewe vipindi vyake, hata kama ni nusu ya siku, na awaonyeshe wenzake ile kazi ya sinia na mchanga. Wapo watoto wengi tu wasio na ulemavu wowote ambao hawajui kusoma, na mchanga ule ungewafaa.

La tatu nililiambiwa kwa upole kabisa: "Kwa nini usimpeleke shule ya bweni?" Sizipigi vita shule maalumu, nimeshaeleza hapo juu. Buigiri, Dodoma, imewasomesha wasioona tangu 1950 na kazi yake inaonekana. Lakini binti yangu hawezi kujivika nguo wala kujigeuza kitandani usiku. Oktoba 2022 moto ulizuka usiku katika bweni la shule ya wasioona ya Salama, Mukono, nchini Uganda, wakafa watu 11. Niliisikia redioni nikiwa karakana nikazima mashine. Shule iko mita 700 kutoka kwangu. Yupo mama wa kumgeuza usiku. Mnionyeshe kwanza kwamba mita 700 zimeshindikana, ndipo tuongee bweni.

Na lile la mwisho, kwamba wazazi tunawaficha watoto, nimeshakiri upande wangu. Ila jirani yangu wa nyumba ya tatu ana mtoto wa miaka 9 ambaye bado yuko ndani. Nilimwendea kumshawishi. Akanisikiliza mpaka mwisho, akaniuliza, "Wako amejua nini mpaka sasa?" Nilimjibu kwamba anajua kuandika jina lake, mchangani.

Ninachoomba, Ndugu Mkurugenzi, na ninaomba kwa heshima zote:

Choo kifunguliwe wiki hii, na ufunguo asipewe mtu. Dawati lirudi darasani.

Njia ya kiti mwendo ivunjwe ijengwe upya kwa kipimo. Mimi na shemeji yangu, ambaye ni mwashi, tutaijenga bure siku mbili za mwisho wa juma. Halmashauri itoe mifuko 7 ya saruji, matofali, mchanga, kokoto na mawe. Sakafu tutaichora mistari isiwe na utelezi.

Mwalimu wa elimu maalumu apangiwe kazi aliyoisomea kuanzia muhula ujao, na nafasi ya kitengo izibwe.

Watoto wa kitengo wapimwe mmoja mmoja na mtu mwenye ujuzi, iandikwe nani anahitaji nini, na wazazi tupewe nakala. Mwenye ualbino arudi darasani kwake sasa, huyo hahitaji kusubiri kupimwa.

Majina ya wote wanaostahili nyongeza ya muda na maandishi yaliyokuzwa yapelekwe Baraza kabla usajili haujafungwa, na sisi wazazi tuonyeshwe hiyo orodha.

Jibu silihitaji kwa barua, zangu 3 zimenitosha. Uje, au umtume Afisa Elimu Msingi, kwenye mkutano ujao wa wazazi shuleni. Ukija, naomba ufike saa moja na robo asubuhi, wakati wale wavulana wanne wanapomnyanyua.

Naomba kuwasilisha.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Mzazi na fundi seremala

N.B. Karakana yangu iko nyuma ya stendi, mlango wa bati la kijani. Saruji ikifika Ijumaa, Jumamosi tunaanza kuchimba.